Wageni 150 wa mahafali: nipike mwenyewe, na nipike lini?

Swali: "Mwanangu wa kwanza anahitimu chuo mwezi ujao na nimealika watu kama 150. Nataka kupika mwenyewe nikisaidiana na wadogo zangu wawili. Nimefikiria wali, mchuzi wa nyama ya ng'ombe, kuku wa kuoka, maharagwe na saladi ya kabichi. Mpango wangu ni kupika kila kitu Ijumaa usiku katika sufuria kubwa za lita 50 nilizoahidiwa kuazimwa, niache vipoe mpaka asubuhi kwa sababu chakula cha moto kinaharibu friji, halafu Jumamosi nichemshe tena kabla wageni hawajaingia saa saba mchana. Mapishi yangu ya kawaida ni ya watu sita, kwa hiyo nitazidisha kila kitu mara 25. Mume wangu anasema tutafute wapishi wa kulipwa. Mimi naogopa mambo mawili: chakula kisitoshe, na watu wasije wakaumwa matumbo kama nilivyoona kwenye shughuli moja niliyohudhuria, na chakula kile hakikuwa hata na harufu mbaya. Je, mpango wangu unafaa?"

Kwanza hongera, dada. Kumfikisha mtoto mpaka siku ya mahafali si mchezo, na hamu yako ya kutaka chakula cha siku hiyo kitoke mikononi mwako naielewa. Nimesimama mbele ya sufuria za shughuli kwa miaka mingi, na jibu langu la haraka ni hili: vyakula ulivyochagua vinafaa, kupika mwenyewe kunawezekana, lakini ule usiku wa kuamkia Jumamosi lazima uubadilishe. Mengine yote nitakayosema unaweza kuyapima ukayachukua au ukayaacha. Hilo moja usiliache.

Katika hofu zako mbili, ya chakula kupungua ni ya aibu. Inapita, na baada ya miaka michache mtaicheka. Ya matumbo ndiyo yenye hatari. Sasa mpango wako, jinsi ulivyo, unajilinda dhidi ya ile ya aibu na kuifungulia mlango ile ya hatari. Na kosa halitokani na uzembe. Linatokana na kudhani kwamba sufuria kubwa ni sufuria ndogo iliyozidishwa. Moto huingia polepole kwenye chakula kingi, na hutoka polepole zaidi. Ukishalielewa hilo, maswali yako karibu yote yanajibika.

Tuanze na kupoa. Chukua bakuli la mchuzi, liweke mezani: baada ya saa moja limeshapoa. Sasa chukua lita 40 za mchuzi uleule ndani ya sufuria yenye kina cha mkono mzima, ifunike, iache jikoni saa nne usiku. Saa kumi na mbili asubuhi ukiingiza mwiko katikati, mchuzi bado una uvuguvugu. Joto la katikati halina njia ya kutoka isipokuwa lipite kwenye mchuzi wote unaolizunguka, na unene wa chakula ukiongezeka mara mbili, muda wa kupoa katikati unaweza kufika mara nne. Kwa hiyo usiku kucha chakula chako kinakaa kwenye joto ambalo bakteria wanalipenda kuliko jingine lolote. Wataalamu wa usalama wa chakula huliita eneo la hatari: kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi.

Utaniuliza: bakteria gani, wakati nyama imechemka saa mbili? Hapo ndipo wengi wanapokosea. Kuchemsha kunaua bakteria wengi, lakini wako wanaojifunga ndani ya ganda gumu linaloitwa spora, na spora hazifi kwa maji yanayochemka. Mmoja wao anaitwa Clostridium perfringens, na anapenda hasa sufuria kubwa za nyama na mchuzi mzito. Chakula kikishuka joto, spora zinaamka. Kwenye nyuzi 43 hadi 47 hivi bakteria huyu anaweza kuongezeka mara mbili kila baada ya dakika kumi au hata chini ya hapo. Piga hesabu ya usiku mzima. Mlaji hupata msokoto wa tumbo na kuhara kati ya saa 6 na 24 baadaye, akiwa ameshafika kwake, na mara nyingi lawama huangukia kile alichokula jioni.

Kwenye wali yuko mwenzake, Bacillus cereus. Huyu naye ana spora zinazovumilia kupikwa, na wali ukikaa nje ukapoa polepole anatengeneza sumu. Sumu hiyo haivunjwi na moto wa jikoni. Hapo ndipo ile hoja ya "nitachemsha tena asubuhi" inapoanguka: utaua bakteria, lakini sumu waliyoacha itaingia sahanini ikiwa nzima. Kuchemsha tena kuna faida yake, na kiporo chochote lazima kipashwe mpaka kifike nyuzi 74 katikati, ila hakukirudishi chakula kilicholala vibaya kuwa kizima.

Na lile uliloliona kwenye ile shughuli, chakula kutokuwa na harufu, si ajabu hata kidogo. Bakteria wanaonukisha na kuchachusha chakula kwa kawaida si hawa wanaoumiza watu. Mchuzi unaweza kunukia vizuri kabisa na ukawalaza wageni 30. Pua yako ni ya kuonjea viungo. Kwenye usalama isikudanganye.

Nije kwenye friji. Kwamba chakula cha moto kinaharibu friji ni nusu ukweli. Bakuli moja la moto halitaiharibu. Lakini ukiingiza sufuria ya lita 40 inayofuka, friji ya nyumbani haina nguvu ya kuipoza: itahangaika usiku kucha, maziwa na nyama vilivyomo vitapata joto, na katikati ya sufuria patabaki vuguvugu vilevile. Kipimo kinachotumika na wapishi wa kazi ni hiki: chakula kishuke kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha kutoka 21 hadi 5 ndani ya saa nne nyingine. Unakifikia kwa kukimwaga chakula kwenye trei pana kwa kina kisichozidi sentimita 5, na kuziweka trei hizo juu ya beseni la maji yenye barafu huku ukikoroga. Mvuke ukipungua, trei zinaingia friji zikiwa na nafasi katikati yake, bila kubebanishwa. Trei ya sentimita 50 kwa 30 iliyojazwa kina hicho hubeba lita 7 na nusu. Kwa lita 35 za mchuzi hizo ni trei tano, na friji yako ya nyumbani ina vitu vingine pia. Unaona mwenyewe kwamba usiku huo ungekuwa wa kukoroga barafu, si wa kulala.

Ndiyo maana mimi nakushauri ugawe kazi: Ijumaa iwe siku ya kisu, Jumamosi iwe siku ya moto. Ijumaa mnamenya, mnakata, mnapima viungo na kuvifunga kwa sufuria yake, mnaloweka maharagwe, mnakata nyama na kuirudisha kwenye baridi. Ukitaka kujipunguzia kazi kubwa zaidi, kaanga kitunguu na nyanya zako Ijumaa mpaka zikolee, upate rojo zito bila nyama. Rojo la watu 150 ni lita chache, linapoa haraka kwenye trei mbili na linaingia friji bila vurugu. Jumamosi nyama inapoiva unaliongeza, likachemka pamoja nayo. Ladha yake baada ya kulala, nakuambia, ni bora kuliko ya siku ileile.

Wali hauna mjadala: unapikwa Jumamosi, karibu na saa ya kula.

Sasa ile hesabu ya mara 25. Kwenye mchele, nyama na maharagwe ghafi, zidisha, hakuna tatizo. Kwenye maji, utaharibu. Tuseme wali wako wa watu sita unachukua vikombe vitatu vya mchele na vikombe vinne na nusu vya maji. Mchele wenyewe unakunywa maji yanayokaribia ujazo wake, yaani vikombe vitatu. Kile kikombe kimoja na nusu cha ziada kinaondoka kama mvuke. Ukizidisha kwa 25 unapata vikombe 75 vya mchele, na zaidi ya vikombe 37 vya maji uliyoyaweka kwa ajili ya mvuke. Lakini mdomo wa sufuria haukupanuka mara 25! Mvuke hautoki kiasi hicho, maji yanabaki, na unachopakua ni bokoboko. Kwa sufuria kubwa anza na maji ya ujazo mmoja na robo kwa kila ujazo mmoja wa mchele, weka birika la maji yanayochemka pembeni, na uongeze kidogokidogo ukiona haja. Kuongeza maji kunawezekana wakati wowote. Kuyatoa, jaribu uone. Michele inatofautiana kiu, kwa hiyo nitakupa njia ya kuupima wako mwishoni.

Kuna jambo jingine kuhusu wali. Ukipika kilo 15 kwenye sufuria moja, mchele wa chini unabeba uzito wote wa juu. Chini unapondeka na kushika ukoko, juu bado kiini ni kigumu, katikati ndipo penye wali. Gawa mara nne, karibu kilo 4 kila sufuria, katika sufuria za lita 20 hivi. Faida nyingine ni kwamba moja ikiharibika, robo tatu za wali wako ziko salama.

Chumvi hufuata uzito wa chakula, lakini weka robo tatu ya hesabu yako kwanza kisha uonje. Mdalasini, karafuu, pilipili na vingine vikali anza na theluthi mbili, maana vinakaa kwenye sufuria kubwa muda mrefu zaidi na vinaendelea kutoa. Chumvi ikizidi, usinitajie kiazi. Kiazi kinanyonya mchuzi wenye chumvi, si chumvi peke yake, na kinachobaki kina chumvi ileile. Dawa ni kuongeza chakula kisicho na chumvi, na ndiyo sababu mimi huacha lita kadhaa za mchuzi bila kuzitia chumvi mpaka dakika za mwisho.

Mafuta ya kukaangia nayo usizidishe; yanafuata upana wa sufuria, si idadi ya watu. Na usimwage kilo 18 za nyama mara moja kwenye mafuta ukitegemea ibadilike rangi. Nyama nyingi hutoa maji, na pakiwa na maji, joto haliwezi kupanda juu ya nyuzi 100. Ile rangi ya hudhurungi yenye harufu tamu inahitaji nyuzi 140 hivi kwenda juu. Utakachopata ni nyama ya kijivu inayoelea kwenye maji yake. Kaanga kwa mafungu, kila fungu kwenye sufuria pana iliyokwisha kupata moto. Inachosha, najua. Ukiona huna muda, kaanga theluthi tu ya nyama vizuri, nyingine ichemshe. Ladha ya ile theluthi itaenea mchuzi mzima.

Moto wenyewe je? Hili husahauliwa mpaka asubuhi ya siku yenyewe. Lita 35 za maji kutoka nyuzi 20 hadi kuchemka zinahitaji nguvu nyingi: jiko la kawaida la gesi la nyumbani likiingiza kilowati moja na nusu ndani ya sufuria, utasubiri zaidi ya saa mbili kabla ya kuona mapovu. Hapo hujaanza kupika. Pamoja na sufuria, azima majiko makubwa ya kukaa chini yenye moto mpana, matatu yakipatikana, na uyaweke nje au mahali penye hewa ya kutosha. Na mitungi ya gesi ya akiba. Mtungi huishiwa gesi saa tano asubuhi, sijui kwa nini huichagua saa hiyo.

Sasa kutosha. Kwa mlo wa mchana wenye vyakula vitano, gramu 100 za mchele mkavu kwa mtu mzima zinatosha: kilo 15. Kilo moja ya mchele hutoa karibu kilo 2.5 hadi 3 za wali, kwa hiyo utakuwa na kama kilo 40 za wali, na hapo wapo watoto ambao watakula nusu. Nyama ya ng'ombe isiyo na mifupa, kwa kuwa kuku pia yupo, hesabu gramu 120 mbichi kwa mtu, yaani kilo 18. Usishangae ikiiva na kuonekana imepungua. Nyama hupoteza robo au zaidi ya uzito wake kwenye moto. Kama ina mifupa, karibu uzidishe mara mbili. Kuku, kipande kimoja kwa mtu na sehemu ya kumi ya ziada, ni vipande 165. Kuku mmoja akikatwa vipande vinane, unahitaji kuku 21. Maharagwe makavu kilo 6, kabichi kilo 10. Maji ya kunywa usiwe na ubahili nayo, nusu lita kwa kila mtu kwa mlo tu, na zaidi kukiwa na jua.

Ila idadi ya kwanza kuihakiki ni ile 150 yenyewe. Wapo watakaokosa, na wapo watakaokuja watatu kwa mwaliko mmoja. Wiki moja kabla, mpe mdogo wako mmoja simu na orodha ya majina, apige mmoja mmoja. Utakachopata hapo kitakusaidia kuliko kuongeza kilo tano za nyama "kwa usalama".

Chakula kinachotosha jikoni bado kinaweza kuisha mezani. Mtu mwenye njaa akiachiwa upawa hujaza sahani na vya kwanza anavyokutana navyo. Basi panga meza ianze na saladi, wali na maharagwe, mchuzi ufuate, kuku awe wa mwisho, na nyuma ya nyama asimame mtu mwenye upawa wake, mpole lakini mwenye kipimo kimoja kwa kila mgeni. Mchague shangazi ambaye hakuna anayethubutu kubishana naye. Tena, mgeni mmoja akitumia nusu dakika mezani, watu 150 kwenye mstari mmoja ni saa moja na robo. Wa mwisho wanapofika, wa kwanza wanarudi kuongeza. Weka meza zinazopitika pande zote mbili, mistari miwili au zaidi.

Kuku wa kuoka ndiye anayenipa wasiwasi katika orodha yako. Oveni ya nyumbani hubeba trei mbili, tuseme vipande 24 kwa mkupuo mmoja. Vipande 165 ni mikupuo saba, kila mmoja dakika 50 hivi. Hizo ni saa sita karibu, na vya kwanza vinakaa saa zote hizo vikisubiri. Hapa ndipo mimi nasimama upande wa mume wako. Pesa aliyotaka kuwalipa wapishi, chukueni sehemu yake mumlipe mtu mwenye oveni kubwa awaokee kuku na kuwaletea wakiwa moto saa sita na nusu. Au mfute kuku kabisa na kuongeza nyama ya mchuzi iwe kilo 30. Hakuna mgeni aliyewahi kuondoka kwenye mahafali akilalamika kwamba nyama ilikuwa ya aina moja. Kumwoka usiku na kumpasha asubuhi ndiyo njia nisiyoipenda kuliko zote: hukauka, na anarudisha ule mjadala wa trei na barafu.

Huyo mtu wa kulipwa nanyi muulizeni maswali: unapika saa ngapi, unasafirisha ndani ya nini, kinafika kikiwa na joto gani. Akijibu kwamba anapika usiku ili apate nafasi asubuhi, mshukuru na utafute mwingine. Kuwa mpishi wa kulipwa hakuzuii mtu kulaza sufuria nje.

Mikono mitatu haitoshi, dada. Ijumaa mnahitaji watu sita kwa ajili ya visu. Jumamosi sita pia: wawili kwenye moto, mmoja kwenye saladi na vyakula visivyopikwa, mmoja wa kuosha vyombo tangu asubuhi, na wawili wa kubeba. Wewe usiwe miongoni mwao baada ya saa sita mchana, maana mhitimu atataka picha na mama yake, na hutaki kuonekana ndani ya picha hiyo na aproni ya mchuzi.

Siku yenyewe ningeipanga hivi. Saa kumi na moja alfajiri moto uwake chini ya maharagwe na nyama. Maharagwe, hasa mekundu, yaliyolowekwa usiku, yamwagwe maji yake, yapewe mapya na yachemke kwa nguvu nusu saa nzima kabla ya kupunguziwa moto. Yakipikwa nusunusu yana kitu cha asili kinachotapisha vibaya. Kuanzia saa tatu onjeni, ongezeni rojo, punguzeni moto. Nyama ikiiva mapema si tatizo ilimradi ibaki moto. Saa nne kabichi inakatwa, kwenye ubao ambao haujagusana na nyama mbichi, na sosi yake haiwekwi mpaka dakika za mwisho, vyote vikiwa kwenye baridi. Saa tano sufuria mbili za kwanza za wali, saa tano na nusu mbili zinazofuata. Saa sita na nusu vyakula vinaingia kwenye vyombo vya kutunza joto, vile vyenye maji ya moto chini, ambavyo havipashi chakula kilichopoa bali hukishikilia kilichokwisha kuwa moto. Kishikilie juu ya nyuzi 60. Usijaze meza mara moja. Peleka kidogo, ongeza kutoka jikoni.

Katika kununua vitu, weka kipimajoto cha kuchoma kwenye chakula. Ni kijiti kidogo, na kitakuondolea ubishi wote: kuku nyuzi 74 kwenye sehemu nene karibu na mfupa, mchuzi juu ya 60 mezani. Rangi ya nyama inadanganya.

Kuhusu kuungua, nina aibu yangu ya kusimulia. Miaka yangu ya mwanzo niliunguza sufuria ya mchuzi wa watu zaidi ya mia kwa kuacha moto mkali chini na kwenda kupokea simu. Niliponusa, nikafanya kile ambacho kila mtu hufanya: nikakwangua chini kwa nguvu ili niokoe. Nikausambaza moshi kwenye mchuzi wote. Ukisikia harufu, zima, usiguse chini, hamishia cha juu kwenye sufuria nyingine kwa upawa, na uonje. Mara nyingi kinaponyoka. Mwiko wa mchuzi mkubwa uwe mrefu na wenye kichwa bapa, ufike chini kila baada ya dakika chache.

Mtu yeyote aliyehara au kutapika asikaribie jikoni mpaka zipite saa 48 tangu alipopona, hata kama ndiye mpishi wenu bora. Mwenye kidonda mkononi akifunge na avae glavu juu yake, kwa sababu bakteria wa vidonda wanaweza kuacha sumu isiyokufa kwa moto. Kuku mbichi msimwoshe chini ya bomba akaruka maji kila mahali. Moto ndio utakaomsafisha. Na kama kuna karanga au maziwa ndani ya kitu, andika kwenye karatasi mbele ya chombo.

Mabaki: kilichokaa mezani bila moto zaidi ya saa mbili, au zaidi ya saa moja kukiwa na joto kali la nyuzi 32 na kuendelea, kimwage. Inauma, najua. Usikifunge kwenye vyombo uwape wageni wazee wakale usiku. Kilichobaki jikoni kikiwa bado moto, kigawe kwenye trei zako za kina kifupi na kiingie friji jioni hiyohiyo.

Ikitokea pamoja na yote hayo mtu akaumwa, kuhara na kutapika kwa siku moja mara nyingi hupita kwa kunywa maji yenye chumvi na sukari ya kuongezea maji mwilini. Lakini aende kwa daktari bila kusubiri akiwa na damu kwenye choo, homa kali, akitapika kila anachokunywa, akikojoa kidogo sana au akizimia. Mtoto mdogo, mjamzito, mzee na mwenye kinga dhaifu waende mapema zaidi. Wakiumwa wengi kwa pamoja, toa taarifa kwa maofisa wa afya na usitupe chakula kilichobaki. Kitasaidia kujua chanzo. Kuficha kwa ajili ya aibu hakumsaidii aliyelala kitandani.

Na kabla hujamkatalia mume wako kabisa, jijaribu. Jumapili moja kabla ya shughuli, azima sufuria moja na jiko moja kati ya yale makubwa, nunua mchele uleule utakaoutumia, pika kilo 4 na uwalishe ndugu na majirani. Andika kwenye karatasi umeweka maji kiasi gani, uliongeza mangapi, moto ulichukua dakika ngapi kuchemsha, na ukoko ulikuwaje. Ukiona mikono inatetemeka kwa kilo 4, mtafute mpishi mzoefu asimame karibu na moto Jumamosi asubuhi tu, wewe ukionja na kuamua. Ukiona umeimudu, bandika karatasi hiyo ukutani juu ya jiko. Na uhakikishe sufuria unazoazima zina mifuniko yake.